Glovu ya Malimbuko

Glovu ilikuwa bado kabatini, ndiyo maana Sajini Sibiya hakuelewa kwa nini polisi wameitwa.

Ilikuwa imelala palepale pa siku zote, ndani ya kabati la kioo, chini ya taa ndogo, vidole vyake vinene vimekunjika kidogo. Kibandiko kilieleza kwamba glovu hii ilivaliwa na mtu aliyetembea mwezini. Kufuli lilikuwa zima. Kioo hakikuwa na hata mkwaruzo.

"Sasa kimeibiwa nini?" aliuliza Sibiya.

"Glovu," alijibu Bi Yasmin, mhifadhi mkuu wa makumbusho.

"Si ile pale?"

"Ile pale siyo."

Inspekta Annick Nduwimana aliinama akatazama. Kwenye karatasi za serikali cheo chake kilikuwa Kapteni. Lakini watu wa Berea na Bertrams, mitaa ya Jo'burg, waliomjua tangu akiwa mtoto wa wakimbizi anayecheza kwenye ngazi za ghorofa na ufunguo shingoni, walimwita Inspekta tangu siku ya kwanza, na hawakuwa tayari kusahihishwa. Alikuwa mwanamke mkavu. Tabasamu lake lilitoka kwa msimu, na asante yake kwa nadra zaidi.

"Umejuaje?" aliuliza.

"Vumbi," alisema Bi Yasmin. Alikuwa mzaliwa wa Mombasa, na hasira yake ilikuja na lafudhi ya kwao. "Vumbi la mwezi halitoki, Inspekta. Limeingia katika kila mshono, la kijivu kama jivu la mkaa. Leo nimefungua kabati tuanze kupakia, maana maonyesho yanahamia nchi nyingine Ijumaa. Nikaweka kioo cha kukuzia. Mishono misafi! Hii imeshonwa juzijuzi."

"Ufunguo?"

"Mmoja ninao mimi. Wa pili unatundikwa chumba cha walinzi."

"Kikulacho ki nguoni mwako," Annick alinong'ona.

Alizunguka ukumbini. Palikuwa na mfano wa chombo kilichotua mwezini, miguu yake imefunikwa karatasi ya dhahabu. Kijiwe cha mwezi kisichozidi harage, ndani ya tufe la plastiki. Mirija ya chakula kilichokaushwa. Pembeni palikuwa na meza ya watoto, na juu yake glovu nyingine, pacha wa ile ya kabatini.

"Na hii?"

"Nakala, ya watoto kujaribu. Alitushonea fundi mmoja wa Jeppestown, Mama Marcelline. Alikuja hapa mara kadhaa kupima ile ya asili."

"Kwa hiyo mna nakala mbili, na ya asili haipo."

"Tuliagiza moja tu."

Mtaalamu wa alama za vidole alipuliza unga wake kwenye kufuli na kioo, akatikisa kichwa. Kila mfanyakazi wa pale huvaa glovu nyeupe za pamba akigusa kabati. Wote walikuwa wameacha michirizi ileile.

Annick alivaa za mpira, akageuza pindo la ile ya kabatini. Ndani kabisa, mahali ambapo jicho la mgeni halifiki, palikuwa na mshono mfupi wa uzi mwekundu. Akaenda kwenye meza ya watoto, akageuza pindo la pili. Halikuwa na uzi mwekundu.

Mlangoni alisimama mlinzi, Mrundi mrefu, shati limenyooshwa vizuri, macho mekundu ya mtu asiyelala. Kibandiko cha kifuani kilisema Léonce.

"Amahoro, Inspekta," alisalimia kwa heshima. Kisha akauliza, "Atakamatwa nani?"

Annick alimtazama kidogo, akapita.

Kabla ya jua kuzama, Sibiya alikuwa amemkamata mtu. Katika kibanda cha Mama Marcelline alikuta michoro ya vidole, vipande vya kitambaa kilekile na mpira uleule. Kwa Sibiya kesi ilikuwa imekwisha, na alianza kufikiria chakula cha jioni.

Mama Marcelline aliletwa kituoni na futi yake ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alikuwa mtu mzima, Mkongomani wa Uvira, na alikaa kwenye kiti cha mahojiano wima kama yuko kanisani.

"Hii kazi ni ya mkono wako?" Annick alimsogezea glovu ndani ya mfuko wa vielelezo.

Mama alivaa miwani. "Ni yangu. Mkono wangu niko naujua."

"Ulishona ngapi?"

"Mbili."

"Makumbusho waliagiza moja."

"Waliagiza moja. Mimi nikashona mbili."

"Moja iko kwenye meza ya watoto. Hii ulimpa nani?"

"Nilimpa Mungu."

Annick alitafsiri. Sibiya aliweka kalamu chini.

"Eish! Mwambie Mungu hana anwani hapa Jo'burg ambayo tunaweza kwenda kupekua."

Lakini Annick hakucheka. Alikuwa amekumbuka kofia yake.

Siku aliyohitimu chuo cha polisi, mama yake mzazi alimvua kofia mpya ya sare na kuipeleka madhabahuni. Malimbuko, alisema. Kazi ya kwanza haiwi yako. Ni ya aliyekupa mikono. Ikaombewa, na baada ya ibada ikapigwa mnada pamoja na maboga na mayai, kama desturi. Annick alikaa akitetemeka, akiwaza atamweleza nini mkuu wa kituo. Waumini wakachanga, wakainunua, wakamrudishia kichwani kwa vigelegele. Hakuwahi kuwashukuru. Aliona haya, na haya hiyo ikakaa miaka.

"Mama," alisema kwa sauti nyingine, "ilikuwa malimbuko?"

Macho ya Mama Marcelline yalilainika. "Ee, mwanangu. Sikuwa na kazi ya maana tangu baridi ya mwaka jana. Halafu watu wa makumbusho wakanitafuta mimi. Kushona kitu cha mwezini! Nikasema, ya kwanza si yangu wala si yao."

"Na uzi mwekundu?"

"Ya Mungu naitia uzi mwekundu, nisije nikaichanganya na ya mteja."

"Nani aliinunua mnadani?"

"Sijui."

"Mama, hilo ndilo linaloweza kukutoa humu."

"Sijui, mwanangu! Mtoaji hakai kutazama mnada. Ukikaa, moyo unaanza kuvimba: yangu imepanda, ya fulani imeshuka. Nilitoka, nikaenda nyuma kuosha masufuria." Akasita. Kwa mara ya kwanza mgongo wake uliinama. "Ijumaa natakiwa kwenda kufanya upya karatasi yangu ya ukimbizi. Nikienda na kesi, wataniuliza. Nisipokwenda, inakufa. Miaka yote hii, mwanangu. Sina kwingine."

Annick alijua vizuri karatasi hiyo. Alikuwa amelala foleni zake mgongoni mwa mama yake.

"Hiyo Ijumaa utakwenda," alisema, na papo hapo akajilaumu, maana askari hatakiwi kuahidi.

Kesho yake asubuhi habari zilikuwa redioni: glovu ya mwezini imeibiwa, na fundi cherehani anashikiliwa. Annick alikwenda Bertrams, kwenye kibanda cha kinyozi Pitchou. Siku za kazi Pitchou hunyoa watu. Jumapili ndiye dalali wa mnada wa kanisa, na anasifika kwamba anaweza kumuuzia kiziwi kengele.

"Inspekta! Karibu ukae, nikupunguze pembeni."

"Ule mnada wa glovu, Pitchou. Nikumbushe."

Pitchou alizima mashine. Mteja aliyekuwa kitini, kichwa kimenyolewa nusu, akageuka naye asikilize.

"Ee, ile siku ilichemka! Kwanza nikauza mchicha. Halafu kuku wa Mama Falonne, aliyekuwa na hasira. Halafu ile glovu. Mama Falonne akasema itamfaa kushikia sufuria ya moto. Nikasema, watu wa Mungu, mwogopeni Bwana! Hii ni mfano wa ile iliyofika mwezini! Watu wakacheka. Mama Falonne akataja bei. Halafu Léonce akapandisha. Mama akapandisha. Léonce akapandisha tena, jasho linamtoka. Mwisho Mama Falonne akasema, mwacheni, haja yake inaishinda sufuria yangu."

"Léonce yupi?"

"Mlinzi wa palepale makumbusho. Anaishi na Mzee Évariste, yule fundi redio aliyepofuka. Mzee Mwezi."

"Na kanisa zima lilimwona akinunua?"

"Lilimwona? Lilimwimbia! Kwaya ilimsindikiza mpaka kwenye benchi lake."

Njiani, taa ya barabarani, robot kwa watu wa Jo'burg, ikiwa nyekundu, Annick alilifikiria jambo hilo. Mwizi hununua vifaa vyake kwa kificho. Huyu alinunua chake mbele ya kwaya. Basi siku ile alikuwa hajawa mwizi. Aliitaka ile nakala kwa jambo jingine, na jambo hilo likamwendea kombo.

Léonce aliitwa kwenye chumba cha walinzi. Alikaa, mikono juu ya magoti. Annick alivuta kiti.

"Jana wenzako wote waliniuliza nani kaiba. Wewe uliniuliza nani atakamatwa."

Léonce alinyoosha mikunjo ya suruali yake magotini.

"Glovu ya malimbuko uliinunua wewe."

"Ndiyo, Inspekta."

"Ikakutwa kabatini."

"Ndiyo."

"Nani aliiweka?"

Léonce alitazama ule msumari wa ukutani, ulikotundikwa ufunguo.

"Kuna mama mmoja yuko mahabusu," Annick alisema polepole. "Alishona kwa ajili ya Mungu, akatoka nje kuosha masufuria. Ijumaa karatasi yake inakufa."

Léonce aliondoa macho ukutani. "Ni mimi. Mama hajui kitu. Ni mimi peke yangu."

"Glovu ya asili iko wapi?"

"Kwa Mzee."

"Unamuuzia?"

"Kumuuzia!" Aliinua kichwa kama aliyetukanwa. "Inspekta, yule mzee namdai nini, na yeye ananidai nini? Nilishuka Park Station sina mtu. Akanikuta nimelala karibu na meza yake ya redio, akanipeleka kwake. Mwaka ule wa fujo, wageni walipokuwa wakichomewa vibanda, watu walikuja mlangoni kwetu na marungu. Nilikuwa chini ya kitanda. Mzee akasimama mlangoni, macho yake yalikuwa yameanza kufa, akawaambia kwa Kizulu chake kibovu: humu yumo mwanangu tu. Mimi si mwanawe, Inspekta. Hata kabila si moja."

Annick alifunga daftari lake.

"Watu walipotua mwezini, Mzee alikuwa kijana Kalemie. Alisikia redioni. Akakimbia nyumbani kuwaambia, na baba yake akamchapa kwa uongo. Wenzake wakamwita Mwezi. Jina likamfuata mpaka huku. Akisema neno lolote, watu wanasema, hayo ni ya mwezini. Sasa moyo wake umechoka, daktari amesema tumtunze tu. Maonyesho yalipokuja, aliniomba kitu kimoja: aiguse. Nikamwomba Bi Yasmin. Akasema sheria hairuhusu."

"Ukanunua ya mnada."

"Nikampelekea, nikamwambia ndiyo yenyewe. Akaishika, akainusa. Akasema, mwanangu, hii inanuka mafuta ya cherehani. Akanirudishia, akasema asante. Hakunigombeza! Ile asante ilinichoma kuliko kofi. Jumamosi baada ya kufunga nikachukua ufunguo, nikabadilisha. Nilijua ukaguzi ni Jumatano. Nikasema Jumanne nitairudisha, hakuna atakayejua. Sikujua wataanza kupakia mapema."

"Na Mama Marcelline aliposhikwa?"

"Mzee alikuwa anahema vibaya. Nikasema kesho." Akafunika uso. "Asante ya punda ni mateke, Inspekta. Alishona kwa mikono yake, nami nikampiga teke. Nifungeni. Ila nakuomba, Mzee msimwambie. Anaamini makumbusho yamemwazima."

Annick alisimama. Kwa ada angemtia pingu kwa nyuma na kumaliza. Alimtia pingu, lakini kwa mbele, na akamwachia koti lake afunike mikono.

Walikwenda kwa gari moja. Bi Yasmin alikuja na sanduku maalumu, kwa kuwa kitu kile hakiruhusiwi kushikwa ovyo, na midomo yake ilikuwa imekazwa kwa hasira. Sibiya alibaki garini na Léonce. Annick na Bi Yasmin waliingia chumbani.

Redio zilikuwa kila mahali, nyingine zimefunuliwa matumbo. Kitandani alilala Mzee Évariste, mwembamba, na kifuani pake palikuwa na ile glovu, juu ya kitambaa safi. Ameishika.

"Hodi, Mzee. Ni Annick, wa Berea."

"Yule mtoto wa ufunguo shingoni. Karibu. Na huyo uliyekuja naye?"

"Ndiye mwenye glovu."

"Ah. Karibu, mama. Nisamehe, siwezi kuinuka." Alipumua kidogo. "Léonce ameniambia mmeniazima. Redio inasema mmeibiwa. Kwa hiyo mmoja kati ya Léonce na redio ni mwongo. Na mimi redio nimeiamini maisha yangu yote."

Annick alisogea karibu na kitanda.

"Nilimwambia airudishe. Akasema kesho. Nami nikanyamaza, maana nilitaka hiyo kesho. Hilo ni kosa langu, liandike kwa jina langu. Na Léonce mpelekee asante yangu."

Aliinua glovu kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi. Bi Yasmin aliipokea, akaiweka sandukuni, akawasha tochi, akainama na kioo cha kukuzia. Alikagua kidole baada ya kidole. Annick alisikia hewa ikipita kifuani kwa mzee.

"Vumbi lipo," Bi Yasmin alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ile ya jana. "Lipo lote. Hata ndani hapakuguswa. Mzee, hukuivaa?"

"Kuivaa?" Mzee alishangaa. "Mama, mtu akirudi kutoka safari ndefu, unamvua nguo? Unampa mkono."

"Ukampa mkono."

"Nikampa mkono, nikamwambia asante."

"Asante ya nini?"

Mzee alitabasamu, na tabasamu lilimpunguzia miaka mingi.

"Kwa kufika. Asingefika kweli, mama, mimi ningekufa mwongo."

Bi Yasmin alisimama pale na tochi mkononi. Kisha akavua glovu yake nyeupe ya pamba, akaiweka mfukoni, akamshika mzee mkono, mkono mtupu. "Léonce aliniomba kwa adabu," alisema, "nami nikamjibu kwa sheria. Nisamehe, baba." Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Annick alitoka nje. Garini Léonce alikuwa akimngoja kwa macho.

"Amesemaje?"

"Alijua kabla hatujafika. Redio imekushinda."

Léonce aliinamisha kichwa.

"Na amekushukuru," Annick akaongeza.

Kesi iliandikwa, maana wizi ni wizi, hata ukiwa na moyo mzuri. Bi Yasmin alitoa maelezo yake kituoni: kielelezo kimerudi kizima, na aliyekichukua aliwahi kuomba ruhusa akanyimwa. Mengine yakaachiwa hakimu.

Mama Marcelline alifunguliwa jioni ileile, bila shitaka. Kwenye ukumbi mwembamba wa kituo akakutana uso kwa uso na Léonce, aliyekuwa akiongozwa mahabusu. Sibiya alitaka kuwapitisha haraka. Annick akamzuia kwa mkono.

Léonce alipiga magoti. "Mama, nisamehe."

Mama alimwinamia. "Mimi nina neno moja la kukuuliza. Yangu ilikuwa na kasoro gani, hata ukaenda kuiba ile nyingine?"

"Haikuwa na kasoro, mama. Macho yote iliyadanganya. Mzee aliijua kwa kunusa."

"Kwa kunusa?"

"Mafuta ya cherehani."

Mama Marcelline alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kisha kikarudi kuwa kicheko. "Basi nimeshindwa na pua tu! Bwana asifiwe. Simama, mwanangu. Mzee nani anampikia sasa?"

Léonce alisimama, bado ameinamisha kichwa.

"Nitampikia mimi. Nawe nitakuletea cha kwako." Akamnyoosha kola ya shati, kama fundi asiyevumilia kola iliyopinda, akamwacha aende.

Annick alimsindikiza mpaka nje. Upepo wa baridi ulikuwa ukitoka upande wa uwanja wa Ellis Park. Mama alikuwa anakunja futi yake taratibu.

"Ijumaa nitakupeleka mwenyewe kwa gari kwenye hizo karatasi," Annick alisema. "Na mama... asante."

"Asante ya nini? Mmenilaza mahabusu."

Annick alitafuta maneno, nayo yakatoka yote kwa pamoja, yale ya kofia pia, yaliyokaa miaka. "Kwa kushona mbili. Ungeshona moja nisingempata. Na nilipoanza kazi hii kanisa lilininunulia kofia yangu, mama, wakanivisha, nami sikusema neno."

"Aa! Ulikuwa wewe?" Mama Marcelline alimgeukia akicheka. "Nilichangia ile kofia. Ilikuwa kubwa, ikakushuka mpaka masikioni. Nilikaa nikisema, yule mtoto angekuja kwangu nikaipunguza. Jumapili nitatoa shukrani."

Sibiya alitokea na funguo za gari. "Inspekta, anasema nini? Anacheka nini?"

"Anasema Jumapili atatoa shukrani."

"Kuna mnada?"

"Upo kila Jumapili."

"Sharp," alikubali Sibiya, akijikuna shingo. "Muulize kama maboga huwa yapo."